Sangara wa Nadhiri

Mpaka leo nikipita dukani nikaona makarai yametundikwa nje, mwili hunisisimka. Watu hudhani nimegombana na mwenye duka. Sijagombana na mtu. Ni kwamba mkono huu wa kulia, huu ninaolia chakula na kusalimia watu, ndio uliochomoa karai kwenye dari ya jiko la Generoza nikampa, nikamwambia, haya shoga, kifuniko chako hiki hapa.

Generoza si mtu wa hapa kwetu Nyakunguru. Alizaliwa Muleba, kwenye migomba inayoteremka mpaka ziwani, akaja huku kwa kumfuata mume. Mume wake Konstantino ni mchimbaji mdogo, mmoja wa wale vijana wa mikoa mingine walioletwa na dhahabu wakabaki. Mimi Agness ni Mkurya wa hapa hapa, na kati ya nyumba yangu na yao kuna mstari wa mikonge tu. Sisi tumekuzwa na ugali wa mtama, maziwa na nyama. Samaki nilimjua ukubwani, tena nilimjua vibaya, yule mkavu wa gunia ambaye ukimchemsha mtaa mzima unajua umepika nini. Generoza ndiye aliyenifundisha kwamba samaki ana shavu, na kwamba shavu ndilo la kupigania.

Alikuwa na meza ya samaki sokoni Nyamongo, chini ya mwavuli uliopauka. Asubuhi bodaboda ilimpitia, jioni ilimrudisha na harufu ya ziwa na maneno mengi. Mteja akimbonyeza samaki mara tatu bila kununua, Generoza alimuuliza kama amekuja kumpima mimba. Usingeweza kumkasirikia kwa sababu alikuwa anacheka kabla hujajibu. Ila kuna nyakati mbili ambazo sikumwona akicheka kabisa, na zote nilikuwepo.

Mimba yake ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi minne. Ya pili, mwaka uliofuata, ikatoka miezi minne vilevile. Mara zote mbili nilikaa naye, na mara zote mbili alikuja Saida kutoka Nkende, kule Tarime mjini. Saida ni mke wa Abubakari, sonara ambaye babu yake alitoka Tanga na biashara zake asirudi tena. Abubakari ndiye aliyenunua dhahabu ya kwanza ya Konstantino, na kwenye dhahabu ile ile akakata kipande, akamtengenezea Generoza pete ya ndoa. Tangu hapo wakawa ndugu. Saida alipokuja alikaa siku tatu nzima, akipika uji na kumlisha Generoza kwa kijiko, na kijiko kilikuwa kinamtetemeka mkononi mpaka uji unadondokea shuka. Alisema ni uzee unabisha hodi. Tulicheka kidogo, ili chumba kisikae kimya.

Watu wa hapa wana midomo. Walisema karogwa, walisema kuna kitu alikiacha kwao hakukimaliza. Mama yake Konstantino alipiga simu akamwambia mwanawe atafute mwanamke mwingine, na Konstantino akamkatia simu mama yake mzazi. Hili nalisema mapema ili msije mkamwona mtu mbaya. Angekuwa mtu mbaya ningepata pa kuweka hasira zangu.

Mimba ya tatu ilipoingia, Generoza aliweka nadhiri. Ikivuka mwezi wa tano, alisema, atachoma sangara mzima, mkubwa kuliko wote aliowahi kuuza, amle pamoja na wale waliokaa naye kwenye msiba. Nilimuuliza kwa nini asichinje mbuzi kama watu. Akanitazama kwa huruma. Saida na mume wake watakulaje mbuzi wa nyumba ya Wakatoliki, wasiyejua nani kamchinja? Samaki hana habari za kisu. Ndivyo alivyokuwa, hata kwenye shukrani yake mwenyewe alimfikiria mgeni kwanza.

Mwezi wa tano ukavuka. Mtoto akaanza kucheza tumboni, na Generoza akawa anaushika mkono wangu anauweka pale, hata katikati ya mazungumzo mengine. Jumapili iliyofuata sangara akaja kutoka Kinesi, kule ziwani, amelala kwenye sanduku la barafu nyuma ya bodaboda, kilo kumi na moja, mkia umetoka nje. Nilipomwona nilirudi nyuma hatua moja. Generoza akacheka mpaka akashika kiuno.

Kumchoma samaki wa namna ile ni kazi yenye adabu zake, na Generoza hakuruhusu mtu azivunje. Alimpasua mgongoni, si tumboni, akamfungua kama kitabu, akatoa matumbo na matamvua. Nikashika kisu nianze kuparua magamba, akaninyang'anya. Samaki wa kuchoma haparuliwi, aliniambia, magamba ndiyo sahani yake. Yakiachwa, ngozi haigandi kwenye wavu, na nyama haikauki. Akamchanja, akampaka chumvi, limao, vitunguu saumu, tangawizi na pilipili, akimkanda kwa mikono miwili na kuimba kwa Kihaya. Samaki akaachwa alale saa nzima. Wakati huo Konstantino alikuwa ameenda kuwapokea wageni Nyamongo na kuleta soda.

Jiko letu siku hiyo lilikuwa nusu pipa, lenye mkaa chini na wavu juu. Lakini samaki mnene namna ile moto wa chini peke yake haumtoshi. Lazima umpalie, umfunike na bati au sinia, halafu uweke makaa juu ya kifuniko, aive pande zote mbili. Hapo ndipo tulipokwama. Mifuniko yake yote ya sufuria ilikuwa midogo, na sinia lake lilikuwa la plastiki. Tuliingia kwenye banda la jiko lake tukatafuta. Ni banda la mabanzi, halina dirisha, na juu, kati ya fito na bati, nikaona ukingo wa kitu cha chuma.

Generoza hakuweza kupanda kwenye kigoda na tumbo lile. Nikapanda mimi. Nikakichomoa, kikawa karai pana, zito, limefungwa kwenye kiroba. Nikadhani ni la ujenzi. Nikajiuliza mara moja tu kwa nini karai la ujenzi lifungwe kwenye kiroba kama nguo ya sikukuu, halafu nikaacha kujiuliza kwa sababu moto ulikuwa tayari. Nalirudia swali hilo kila siku tangu hapo.

Alilisugua kwa majivu na sabuni, kidole kikipita ndani ya ukingo ule uliokunjwa, mara mbili, mara tatu. Usafi wake ulikuwa wa kukera. Kuna kitu kidogo king'aavu kilidondoka kikabiringika kwenye sakafu na kupotea kwenye ufa, nikadhani gamba la samaki. Tukamfunika sangara, tukajaza makaa juu ya karai. Generoza alikuwa akiinua kifuniko kila baada ya muda, anainama, moshi unampiga usoni, anachungulia mafuta yanavyochuruzika. Harufu yake ilikuwa inaita watu. Mara moja alichomoa kipande cha tumbo, akala, akafumba macho. Kingine akaniwekea mimi mdomoni.

Wageni walipofika samaki alikuwa ameshatolewa, amelazwa kwenye majani ya migomba juu ya meza, mwekundu kwa pilipili, ngozi inajiachia yenyewe. Karai tuliliacha nyuma ya pipa, limepinduliwa, lina majivu. Abubakari alimpongeza Generoza kwa maneno mengi ya kiungwana, na Saida akamkumbatia akitazama tumbo, akafuta macho kwa mtandio. Konstantino alisimama anatabasamu tu, chupa za soda kwapani. Nilimwonea fahari siku ile, kama mdogo wangu.

Generoza alichukua jagi na beseni, akaanza kunawisha, mgeni mkubwa kwanza. Mkono wa kulia ulimimina maji, wa kushoto ulishika beseni, na pete ilikuwa kwenye mkono huo wa kushoto, mbele ya macho ya Abubakari kabisa. Mzee akanyoosha mikono. Maji yakamwagika, yakamwagika, yeye hanawi. Mikono imekaa hewani.

"Mwanangu," akasema, "hii pete ndiyo niliyokupa mimi?"

Generoza akasema ndiyo, sina nyingine. Sote tukatazama. Upande wa ndani na kuzunguka hadi juu, pete ilikuwa nyeupe. Haikuwa imechafuka, ilikuwa nyeupe kama bati jipya. Asubuhi ilikuwa ya njano, naapa, kwa sababu nilimwona akiivua kabla ya kumkanda samaki na kuivaa tena alipokwenda kuosha karai, asije akaisahau. Generoza akasema labda ni majivu, akaifuta kwenye kanga. Haikufutika.

Abubakari alimwomba aivue, akaipokea kiganjani, akaikwaruza kwa kucha. Rangi ya uso wake ilibadilika. Akauliza leo ameshika nini. Samaki, akajibu Generoza, na sasa alikuwa anacheka kwa woga.

"Samaki hageuzi dhahabu. Hii imeshika zebaki."

Zebaki kila mtu hapa anaijua kwa jina. Ni yale maji ya fedha ambayo wachimbaji huyachanganya na mchanga wa dhahabu kwenye karai, wakaukanda kwa mikono, mpaka dhahabu yote inashikana nayo na kuwa donge. Halafu donge linachomwa, zebaki inaondoka kwa mvuke usioonekana wala kunuka, dhahabu inabaki. Inachomewa huko kwenye mialo, wanakooshea mchanga. Haichomewi nyumbani. Ndivyo nilivyojua mimi, na ndivyo Generoza alivyojua.

Nikamwona Konstantino anatazama nyuma ya pipa. Chupa moja ikamponyoka ikapasuka miguuni kwake, wala hakuishughulikia.

"Msile," akasema. "Msimguse huyo samaki."

Niliwahi nyuma ya nyumba nikaingiza vidole kooni, nikatapika kile kipande cha tumbo na chai ya asubuhi na kila kitu, na bado nikahisi kimebaki. Nilipofuta mdomo nikakumbuka kwamba mimi sina mimba. Nikarudi mbio.

Generoza alikuwa amekaa chini, amelishika tumbo kwa mikono miwili. Hakuwa analia. Konstantino alikuwa amepiga magoti kwenye vipande vya chupa na anaongea haraka haraka, maneno yanapandana. Kwamba mwaloni kuna macho mengi na wezi. Kwamba kuna mwenzao aliporwa donge likiwa bado la moto. Kwamba alikuwa anachoma hapa jikoni mchana tu, Generoza akiwa sokoni, makusudi ili moshi usimfikie, na akishamaliza anafagia na kulificha karai mahali ambapo mtu hafiki.

Nilimwingilia, sikuweza kujizuia. "Mura," nilimwambia, na sisi tukimwita kijana hivyo kwa sauti ile si kwa mapenzi, "yaani unachoma kwenye jiko la mke wako? Halafu jioni anakuja anaingia humo humo, anafunga mlango, anapika?"

Alikuwa anamtazama mke wake, na mke wake ndipo akauliza swali lake la kwanza, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza bei.

"Tangu lini?"

"Tangu tuhamie."

Walihamia nyumba ile wiki ya ndoa yao. Nilimwona Generoza akirudi nyuma kichwani mwake, mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka, akafika kwa wa kwanza, akafika kwa wa pili. Nilitamani nimzibe macho asifike. Akafika. Akasema, "Kwa hiyo na wale," akaishia hapo.

Nilipatwa na mshtuko ambao sijawahi kuupata, hata kwenye kifo. Kifo kinatoka nje kinakuja. Hiki kilikuwa kwenye dari, juu ya vichwa vyetu, tukipika na kusengenya watu chini yake. Majirani walitafuta mchawi kwa miaka miwili, na mimi nikiwaambia wanyamaze, lakini moyoni kuna siku nami niliwatazama watu fulani kwa jicho baya. Kumbe ilikuwa ni kazi ya mikono ya mtu aliyempenda kuliko wote. Nilikuwa na hasira, na hasira haikuwa na mahali pa kukaa.

Konstantino alimzika yule sangara nyuma ya mikonge, shimo refu kuliko kiuno, ili mbwa wasimfukue. Alichimba peke yake, hakutaka msaada. Jioni ile ile Generoza alilala kwangu, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwenye lile banda.

Kesho yake nilimpeleka kliniki. Mkunga alipoweka kifaa tumboni nilishika ukuta. Alihamisha huku, akahamisha kule, halafu akatugeuzia ile spika ndogo ili tusikie. Moyo ulikuwa unapiga haraka haraka, kama mtoto anayekimbia. Hapo Generoza akalia, na mimi nikalia zaidi yake. Aliuliza kuhusu wale wawili wa kwanza. Mkunga alisema hawezi kusema ndiyo, kwa sababu mimba hutoka kwa mambo mengi, na hawezi kusema hapana, kwa sababu hii sumu, inayomtia mtu mzima kutetemeka mikono, inamfikia hata mtoto tumboni. Vipimo vyenyewe vinapelekwa mbali, na majibu yatachukua muda. La muhimu, alisema, asiukaribie moshi ule tena, wala nyumba yoyote inamochomewa zebaki. Generoza alimwomba arudie sentensi ya mwisho. Akairudia.

Siku chache baadaye Abubakari alipiga simu. Pete aliondoka nayo siku ile kwenye leso, na sasa alitaka Generoza aje mwenyewe Nkende aone inavyorudi rangi yake, labda moyo utatulia. Ikipata moto, zebaki inatoka, dhahabu inabaki. Dakika mbili tu, alisema. Generoza hakuwa na hamu ya pete, lakini alimheshimu yule mzee ambaye jicho lake lilituokoa, kwa hiyo tukaenda.

Nilikuwa sijawahi kuingia kwenye kile chumba. Ni chumba cha mbele cha nyumba yao yenyewe. Kuna meza ndogo iliyoungua ungua, mizani, vibano, na mtungi wa gesi wenye mpira mrefu. Nyuma ya meza kuna ukuta wa mbao ambao haukufika kwenye bati, umeacha nafasi ya kupita mkono. Upande wa pili tulisikia mafuta yanachemka. Saida alikuwa anakaanga maandazi yake ya kila siku, na akatusalimia kwa sauti kutoka huko huko, akatuambia tusiondoke bila chai.

Tulimpa mzee shikamoo. Akatuonyesha donge la mchimbaji mmoja aliloletewa asubuhi, bado lina weupe kidogo. Wakilichoma huko zebaki haitoki yote, akaeleza, kila sonara lazima alimalizie mwenyewe, na yeye amekuwa akimalizia hapo mezani miaka ishirini na sita. Alisema hivyo kwa fahari ya ufundi. Kisha akaishika pete kwa kibano, akafungua gesi, moto wa buluu ukatoka.

Generoza akaweka kiganja chake mbele ya pete. Alikuwa ametazama juu, pale ukuta unapoishia.

"Subiri kidogo, mzee. Huo weupe ukitoka kwenye pete, unaenda wapi?"

Abubakari alianza kumjibu, kwa sababu ni mtu anayependa kueleza kazi yake. Alisema unapanda na moto, unapotea hewani. Akainua macho kumwonyesha, na macho yake yakafika mahali ambapo macho ya Generoza yalikuwa. Mimi nilikumbuka kijiko cha uji na shuka iliyolowa, na ule uzee unaobisha hodi kwa mwanamke ambaye hajafika hata miaka hamsini.

Saida alikuwa anakuja na chai. Tulisikia vikombe kabla hatujamwona, vinagongana kwenye sinia hatua kwa hatua, kama ambavyo viligongana siku zote alipobeba. Abubakari aligeuka akavisikiliza mpaka vikafika mlangoni. Kisha akafunga gesi.